Kilowati tano kwa kila nyumba: siku saba katika visiwa vya Uskoti

Siku ya kwanza: Glasgow hadi Mallaig

Treni ya Mallaig inaondoka kituo cha Queen Street, Glasgow, na inakula zaidi ya saa tano hadi mwisho wa reli. Fort William, chini ya mlima Ben Nevis, kuna mabomba makubwa yanayoteremka mlimani hadi kwenye kiwanda cha alumini. Yamekuwa yakizungusha mitambo ya umeme tangu 1929. Kwa hiyo nyanda hizi zimejua umeme wa maji karibu miaka mia moja, ila ulikuwa wa viwanda na baadaye wa mashirika makubwa. Huko kwenye visiwa vidogo vya magharibi, watu waliendelea kuwasha taa kwa dizeli hadi juzi juzi.

Safari hii ni ya visiwa viwili. Eigg hakuna waya hata mmoja unaotoka bara. Wakazi wanajizalishia, wanajigawia na kujitengenezea wenyewe. Gigha imeunganishwa na gridi, na wakazi wake wanauza umeme wa upepo. Anayefikiria mradi wa umeme wa kijiji, awe Njombe au Kirinyaga, atajikuta kwenye moja ya hali hizi mbili, na hesabu zake hazifanani kabisa.

Mallaig ndipo pa kununua mahitaji. Feri haiendi Eigg kila siku, kwa hiyo ratiba isomwe kabla ya kukata tiketi ya treni.

Siku ya pili: Galmisdale

Feri Lochnevis inafika Eigg baada ya saa moja na robo hivi. Magari ya wageni hayaingii. Kisiwa kina urefu wa kilomita kama 9 na upana wa kama 5, kinatembeleka kwa miguu, na juu ya kila kitu umesimama mwamba mweusi wa An Sgùrr, mita 393.

Gati unaloshukia lilikamilika 2004. Kabla ya hapo feri ilisimama majini, abiria na mizigo wakashushwa kwa boti ndogo. Mradi wa umeme mahali pa mbali unaanzia kwenye swali hilo: kitu kizito kuliko vyote kina kilo ngapi, na kitashukia wapi? Transfoma, roli za kebo na betri zenye kilo mia na zaidi kila moja haziingii kwenye boti ya abiria. Gati 2004, umeme 2008. Wanakijiji wengi hupanga kinyume: mashine inanunuliwa kwanza, halafu inagundulika daraja la barabarani halibebi lori.

Cha pili kilichotangulia ni ardhi. Miaka mingi kisiwa kizima kilikuwa mali ya mtu mmoja, kikauzwa kutoka tajiri mmoja kwenda mwingine huku wakazi wakiwa wapangaji. Tarehe 12 Juni 1997 wakazi walikinunua kwa pauni milioni 1.5 hivi, fedha nyingi zikiwa michango ya watu wa kawaida. Mwenye hati ni Isle of Eigg Heritage Trust, chombo chenye pande tatu: chama cha wakazi, Halmashauri ya Highland na Scottish Wildlife Trust. Wakati ule walibaki watu wapatao 65. Leo wamepita 100. Ardhi ilikuwa sharti la umeme. Umeme wa maji unadai ruhusa ya kijito, njia ya bomba, eneo la nyumba ya mtambo na njia ya kebo. Kila kimoja kina saini yake, na ukikosa moja, kazi yote inasimama.

Kabla ya 2008 nyumba nyingi zilikuwa na jenereta zake. Jenereta ya kilowati 5 ikiwasha taa tatu na redio tu bado hunywa kiasi kisicho mbali na lita moja kwa saa, kwa sababu mafuta mengi huishia kuizungusha injini yenyewe. Watu waliwasha saa chache jioni, wakazima. Friji ilikuwa anasa. Kuvuta kebo ya chini ya bahari kutoka bara kulikadiriwa kugharimu mamilioni ya pauni, zaidi sana ya gharama ya kujenga mtambo wa kisiwani, ambao ulikwisha kwa pauni milioni 1.6 hivi. Sehemu kubwa ilikuwa ruzuku, ikiwemo ya mfuko wa maendeleo wa Umoja wa Ulaya na ya bahati nasibu ya taifa. Umeme uliwashwa rasmi tarehe 1 Februari 2008 chini ya kampuni ya kisiwa, Eigg Electric.

Siku ya tatu: maji

Leo ni kutembea kwenda Cleadale na Laig, upande wa kaskazini-magharibi, ambako kuna mtambo mkubwa kuliko yote ya kisiwani: kilowati 100 za maji. Kuna mingine miwili midogo ya maji, ya kilowati 5 hadi 6 kila mmoja. Ukijumlisha na upepo na jua, kisiwa kina kama kilowati 185. Namba hiyo isimdanganye mtu. Mvua ikikatika, zile 100 za Laig zinaweza kushuka hadi karibu na sifuri, na mwishoni mwa Mei, kama sasa, mara nyingi ndivyo inavyokuwa.

Mpangilio wa umeme wa maji wa aina hii ni mmoja duniani kote. Juu kuna banio, ukuta mdogo unaoinua maji bila kuyazuia yote, maana lazima kiasi fulani kibaki kijitoni kwa ajili ya samaki na watu wa chini. Pembeni mwa banio kuna chujio, kisha tangi la kutulizia mchanga, kisha bomba la kuteremshia maji hadi nyumba ya mtambo. Hakuna bwawa. Kijito kinachotoa ndicho unachokipata.

Hesabu ya kuanzia ni hii: lita kwa sekunde, mara mita za mteremko, mara 9.81, mara ufanisi (chukua 0.65 kwa mtambo mdogo), gawa kwa 1,000. Lita 20 kwa sekunde kwenye mteremko wa mita 60 zinatoa kilowati 7.7 hivi. Mteremko unapimwa kwa mpira wa maji unaopitisha mwanga au kwa lefeli, wala si kwa simu, kwa sababu simu inaweza kukosea mita nyingi na kila mita ni pesa. Maji ya kijito kidogo yanapimwa kwa ndoo: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 4, una lita 5 kwa sekunde. Kijito kikubwa kinapimwa kwa kuelea: pata upana, wastani wa kina na mwendo wa kijiti juu ya maji, zidisha vyote, halafu zidisha tena kwa namba kati ya 0.85 na 0.6, ndogo zaidi kadiri mawe yalivyo mengi, kwa kuwa maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu.

Kosa linaloua miradi mingi liko hapa: maji yanapimwa siku wageni walipokuja, na wageni huja wakati barabara zinapitika au wakati mto umependeza. Pima mwaka mzima, angalau mara moja kwa mwezi, na mtambo uchaguliwe ukijua namba ya mwezi mbaya kuliko yote. Wazee wanaochunga karibu na mto waulizwe pia ulikauka lini mara ya mwisho, na alama ilifika kwenye jiwe lipi.

Yanayoharibika kwenye umeme wa maji yanajulikana. Chujio likizibwa na majani, au na matope ya mboji kama huku, kiwango cha maji juu ya mdomo wa bomba kinashuka na bomba linaanza kuvuta hewa. Mtambo unatetemeka, volti zinapanda na kushuka, watu wanadhani jenereta mbovu. Kabla ya kufungua jenereta, panda kwenye banio. La pili ni kufunga vali haraka. Maji yanayoteremka kwenye bomba la mita mia kadhaa yana uzito wa lori, na ukiyasimamisha ghafla shinikizo linapasua maungio. Mteremko wa mita 60 peke yake ni shinikizo la baa 6 maji yakiwa yametulia. Bomba la PN10, yaani la kuhimili baa 10, linabeba hilo na kubakiza akiba kidogo. Vali ifungwe kwa kuhesabu mizunguko, taratibu, kwa dakika na si sekunde. La tatu ni mchanga, ambao unakwangua vikombe vya turbini, gurudumu linalozungushwa na maji, kama msasa hadi kingo zinakuwa butu na kilowati zinapungua kidogo kidogo bila mtu kuona. Dawa yake ni kufungua lango la kusafishia tangi kila baada ya mvua kubwa.

Siku ya nne: upepo, jua na chumba cha betri

Chini ya An Sgùrr, upande wa Grulin, kuna mitambo minne ya upepo ya kilowati 6 kila mmoja. Eneo hilo limejaa kuta za mawe za nyumba za watu waliohamishwa karne ya 19 ili kupisha kondoo. Upepo unapiga bila kizuizi kutoka baharini, na hiyo ndiyo sababu ya kuichagua sehemu hii. Nguvu ya upepo hupanda kwa mchemraba wa mwendo wake: upepo wa mita 12 kwa sekunde una nguvu mara nane ya upepo wa mita 6. Kuhamisha mlingoti kutoka nyuma ya miti kwenda mahali wazi kunaleta faida kuliko kununua mtambo mkubwa zaidi.

Chumvi ya bahari na dhoruba za majira ya baridi hula mitambo midogo haraka kuliko vitabu vya watengenezaji vinavyosema. Na mtengenezaji mwenyewe anaweza kutoweka. Kampuni iliyotengeneza mitambo ya aina hii ilifilisika 2011, jina likauzwa, na wenye mitambo kote Uingereza wakaanza kuhangaikia vipuri. Siku ya kununua, nunua na vipuri vya miaka mitano: springi, beringi, bodi ya udhibiti. Chukua na michoro, kwenye karatasi.

Paneli za jua zilianza na kilowati 10 tu na baadaye zikafikishwa 50. Nyongeza hiyo ilitokana na uzoefu wa miaka ya mwanzo, kwa sababu ukame wa Mei na Juni ulikuwa unawarudisha kwenye dizeli. Hapa siku ya mwisho wa Mei ina mwanga wa saa 17, na maji yakiwa machache ndipo jua linakuwa jingi. Desemba ni kinyume: jua halipo, lakini mvua na upepo hazikatiki. Kuchanganya vyanzo vitatu kunaongeza gharama ya kujenga, lakini kunapunguza ukubwa wa betri, ambazo ndizo ghali kuzibadilisha. Kisiwa kinapata kama asilimia 90 hadi 95 ya umeme wake kwenye vyanzo hivi. Kilichobaki kinatoka kwenye jenereta mbili za dizeli za akiba, za kilowati 64 kila moja.

Sasa moyo wa mfumo. Betri ni za asidi ya risasi, volti 48 na amperi-saa 4,400, yaani kilowati-saa 211 hivi. Juu yake kuna inveta 12, vifaa vinavyogeuza umeme wa betri kuwa wa kutumia nyumbani, za kilowati 5 kila moja, zilizopangwa makundi manne ya tatu tatu, kila inveta ndani ya kundi ikishika fezi yake. Jumla ni kilowati 60. Kilowati 60 kwa volti 48 ni amperi 1,250, na ndiyo sababu mzigo umegawanywa. Hata hivyo kila kundi linaweza kubeba amperi zaidi ya 300. Kichwa cha betri kikilegea kidogo tu, kwa ukinzani wa miliomu moja (elfu moja ya omu), amperi 300 zinatoa wati 90 za joto mahali pamoja, joto la pasi ndogo iliyobanwa kwenye nati. Plastiki inayeyuka, na kama kuna gesi ya haidrojeni chumbani, moto. Kwa hiyo nati zikazwe kwa spana ya kipimo, chumba kiwe na matundu ya hewa juu na chini, na asiingie mtu na pete au saa ya chuma mkononi.

Betri za aina hii zinataka mtu wa kudumu. Kila mwezi haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, iingie kwenye seli: 1.27 hivi ni imejaa, karibu 1.20 ni nusu. Seli moja ikiwa chini ya wenzake kila mara, inahitaji chaji ya kusawazisha au inakufa. Maji ya betri yajazwe baada ya kuchaji na si kabla, vinginevyo asidi inafurika. Maji ya kisima au ya bomba yasitumike. Madini yake yanaua sahani. Na zisishushwe chini ya nusu. Zikifika nusu, dizeli iwake hata kama inauma, kwa sababu betri zilizozoea kulala njaa hazimalizi nusu ya umri wake.

Tatizo la pili ni umeme kuzidi. Usiku wa dhoruba maji yamejaa, upepo unavuma, watu wamelala na betri zimejaa. Umeme lazima uende mahali. Hapa inveta zinatumia lugha ambayo mitambo yote inaisikia bila waya wa mawasiliano: masafa. Kawaida ni hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Betri zikijaa, inveta zinapandisha masafa juu kidogo. Vipasha joto vya ukumbi wa kijiji, vya kanisa na vya jengo la gatini vinaona masafa yamepanda na kujiwasha. Ikizidi zaidi, inveta za jua nazo zinaanza kupunguza uzalishaji zenyewe. Majengo ya umma yanapata joto bure, na mtambo hauharibiki. Kuna athari ndogo ambayo fundi anapaswa kuijua: saa za zamani za oveni na ukutani zinazohesabu mawimbi ya umeme hukimbia. Kwenye hezi 51 saa inatangulia dakika 1 na sekunde 12 kila saa. Mteja akilalamika kwamba saa yake inakimbia, amekupa taarifa kwamba usiku ule betri zilikuwa zimejaa.

Kutoka hapa umeme unasafiri kilomita 11 ardhini kwa volti 3,300, kisha transfoma ndogo zinaushusha hadi 230 karibu na nyumba. Kwa nini zote hizo? Kwa fezi tatu, kilowati 60 kwa volti 400 ni amperi 87. Kwa volti 3,300 ni amperi 10 na nusu. Upotevu kwenye waya hufuata mraba wa amperi, kwa hiyo waya uleule unapoteza karibu mara 68 chini. Kijiji kinachovuta volti 230 kilomita mbili kwa waya mwembamba ndicho kile ambacho taa za nyumba ya mwisho zinawaka rangi ya chungwa.

Siku ya tano: ndani ya nyumba

Leo hakuna kutembea. Kwa maoni yetu kifaa muhimu kuliko vyote vya Eigg kimewekwa dirishani jikoni: kioo kidogo cha namba kinachoonyesha nyumba inatumia umeme kiasi gani sasa hivi.

Kila nyumba ina kikomo cha kilowati 5. Biashara ina 10. Mkubwa na mdogo, mwenyeji na mhamiaji, sawa. Ukikivuka, umeme wa nyumba yako unakatika, na ni mtu wa kikosi cha matengenezo anayekuja kuurudisha, kwa ada. Mita zenyewe ni za kulipia kabla, kama LUKU.

Tazama namba kwenye kioo. Nyumba imetulia: 0.2, friji na taa. Birika la umeme linawashwa, inaruka hadi karibu 3. Mashine ya kufulia ikianza kupasha maji wakati huohuo inaongeza 2 na kitu, na umefika 5. Mtu mmoja akichomeka kikausha nywele, giza. Baada ya wiki chache hakuna anayesoma namba kwa makusudi; jicho linaiona likipita, na mashine ya kufulia inasubiri birika lichemke. Kupasha nyumba joto na kupika kumeachiwa zaidi kuni, gesi ya mitungi na makaa. Umeme ni wa taa, friji, pampu, kompyuta na zana.

Kwa nini 5, na kwa nini hesabu hii haivunjiki? Kaya zipatazo 40 mara kilowati 5 ni 200. Inveta zinabeba 60. Kwa hiyo kikomo peke yake hakiulindi mfumo. Kinachoulinda ni kwamba watu hawachemshi birika sekunde moja. Kikomo kinamzuia mmoja asile fungu la kumi, na kutofautiana kwa saa za watu kunafanya kazi iliyobaki. Kisiwa kikitumia kilowati 20 kwa wastani, nusu ya betri inayoruhusiwa, kilowati-saa 105 hivi, inatosha saa tano bila maji, upepo wala jua. Kikitumia 40, saa mbili na nusu. Kuongeza betri ziwe mara mbili kungegharimu fedha nyingi na kurudi kugharimu tena baada ya miaka kama kumi. Kukubaliana kikomo kuligharimu mikutano.

Na mikutano ndiyo kazi ngumu. Kikomo kilikubaliwa na wakazi kabla mitaro haijachimbwa. Ukikiweka baada ya watu kuzoea, unamnyang'anya mtu oveni aliyokwisha nunua, na atakusikia kama adui. Wakazi pia wamezoeana kupeana taarifa: maji na upepo vikiwa kidogo, tangazo linatolewa watu wapunguze matumizi, na wanapunguza. Inafanyika kwa sababu dizeli itakayowashwa usiku huo inalipwa na kampuni yao wenyewe.

Hesabu hiyohiyo ihamishwe kwenye kijiji chenye mtambo wa maji wa kilowati 20 na nyumba 80. Amperi 1 kwa kila nyumba ni wati 230, na mara 80 ni kilowati 18.4. Inakaa. Breka ndogo ya amperi 1 kwenye nguzo, ndani ya kisanduku chenye kufuli, inalinda kijiji kizima. Pasi ya wati 1,000 ni fungu la nyumba nne. Jagi la umeme la wati 2,000 ni fungu la karibu tisa. Mashine ya kusaga haiwezi kukaa ndani ya mpango huu jioni. Ipewe saa zake mchana, kwa maandishi, na mwenye mashine asaini. Tunasisitiza kisanduku kiwe nje na kwenye nguzo kwa sababu breka iliyo ndani ya nyumba hubadilishwa usiku na ya amperi 10, na mwenye kubadilisha huwa mara nyingi ni fundi wa kijiji mwenyewe, anayeombwa na jirani ambaye hawezi kumkatalia. Hilo si suala la ufundi, ni la ujirani, na dawa yake ni kanuni inayomtaja fundi kwa cheo na kumpa mtu wa juu yake wa kumsingizia: "Mwenyekiti hakubali."

Kikosi cha matengenezo cha Eigg ni wakazi waliofunzwa, wanaofanya kazi hiyo kwa muda pamoja na shughuli zao nyingine. Wanalipwa. Mahali kazi hii inapoachwa kwa kujitolea, ukifika mwezi wa saba wa kazi haidromita haiguswi tena, na kila mtu ana sababu nzuri.

Siku ya sita

Feri hadi Mallaig, treni hadi Glasgow. Siku ya kusafiri tu.

Siku ya saba: Gigha

Basi la Campbeltown linapita Loch Lomond, Inveraray na Tarbert, na linashusha Tayinloan baada ya zaidi ya saa tatu. Feri ni dakika 20.

Gigha ilinunuliwa na wakazi wake 2002, wakati walikuwa wamebaki 98. Nyumba nyingi zilikuwa zinavuja na baridi inapita ukutani. Hawakuhitaji umeme, gridi ilikuwepo. Walihitaji kipato cha kukarabati. Wakanunua mitambo mitatu ya upepo iliyokwisha tumika, Vestas V27 za kilowati 225, iliyotoka kwenye shamba la upepo la Uingereza, wakaisimamisha kusini mwa kisiwa. Tangu 2005 imekuwa ikiuza umeme, na ilikuwa ya kwanza ya jamii huko Uskoti kuunganishwa na gridi. Kwa Kigaeli inaitwa Creideas, Dòchas na Carthannas: Imani, Tumaini na Upendo. Watu wanaiita pia Mabibi Wanaocheza.

Mtambo wa mkono wa pili ni uamuzi mzuri kwa mwenye kujua anachonunua. V27 ina jenereta ya kasi mbili, 225 kwa upepo mkubwa na 50 kwa mdogo. Inaanza kuzalisha kwenye mita 3.5 kwa sekunde na inajifunga kwenye 25. Ni mashine rahisi, vipuri vyake viko sokoni na mafundi wanaijua. Kabla ya kulipa: oili ya gia ipelekwe maabara ikaangaliwe chembe za chuma, mizizi ya mapanga ipigwe picha kutafuta nyufa, boliti za mnara ziwe mpya, na daftari la matengenezo liwepo. Lisipokuwepo, bei ishuke au uondoke. Halafu, kuanzia mauzo ya mwezi wa kwanza, sehemu ya pesa itengwe kwa ajili ya siku mashine itakapokufa, kwenye akaunti ambayo kamati haiwezi kuigusa kwa ajili ya paa la shule.

Tofauti na Eigg inaonekana dhoruba ikikata laini ya bara. Jenereta za aina hii huchukua usumaku wake kutoka gridi, na sheria za usalama zinataka mtambo ujizime gridi ikipotea ili fundi wa laini asiuawe na umeme wa nyuma. Kilowati 675 zinasimama katika upepo mkali, na nyumba zilizo chini yake ziko gizani. Eigg, yenye zaidi kidogo ya robo ya hizo, taa zinawaka. Anayeuziwa mradi wa gridi kwa ahadi kwamba umeme hautakatika tena kijijini ahoji hapo hapo inveta ya kujitegemea na betri ziko wapi kwenye mchoro.

Mwaka 2013 ukaongezwa mtambo wa nne, Enercon wa kilowati 330. Ukalazimika kubanwa chini ya uwezo wake, kwa sababu kebo ya chini ya bahari haikuwa na nafasi ya kubeba zote. Upepo upo, mashine ipo, mkopo unalipwa, na kilowati zinaachwa zipite. Barua ya kwanza kabisa ya mradi wa kuuza, kabla ya kupima upepo na kabla ya kuita mkutano wa hisa, ni kwa mwenye gridi: laini hii, kwenye nguzo namba fulani, inapokea kilowati ngapi zaidi, kwa gharama gani, na nafasi hiyo mnatushikia hadi lini? Jibu liwe na muhuri.